Vitesi nane za nini kwenye njia yetu?

Kwenye parking za kuuzisha magari hapa Butembo kumeingia wimbo mpya. Zamani muuzaji alikuonyesha matairi, akafungua kapo, akawasha moteri usikilize. Siku hizi anaanza na hesabu: « Papa, hii si otomatiki ya zamani, hii ni ya vitesi nane. » Mnunuzi anatikisa kichwa, kwa kuwa nane ni zaidi ya nne, na mtu aliyeuza ng'ombe ili apate gari hapendi kuambiwa amenunua kitu cha zamani.

Mimi nasema wazi. Kwa kazi nyingi tunazofanyisha magari huku Beni, Butembo na Lubero, otomatiki ya vitesi nne inatosha. Tano au sita, sawa, hakuna ubaya. Nane, tisa na kumi zilitengenezwa kwa barabara ambazo hatuna, na zinaomba garaji ambazo hatuna.

Kuna watakaosema kwamba mwandishi wa habari ameacha vita na bei ya unga, sasa anaandika mambo ya bwati. Lakini tangu mwezi wa sita wa 2024, Kanyabayonga ilipoanguka na watu wakapanda kwa wingi kuja Lubero na Butembo, nimekutana na familia nyingi zilizoacha mashamba nyuma. Wengine walikuwa na akiba kidogo. Ndugu watatu au wanne wanaweka pesa pamoja, wananunua gari moja ya taksi, na gari hiyo inalisha nyumba nne. Ndilo shamba lao jipya. Bwati ikikufa, nyumba nne zinalala njaa siku moja. Kwa hiyo swali la vitesi ngapi si la matajiri tu.

Tuanze na kazi ya vitesi yenyewe. Moteri ya esanse haina nguvu sawa kila saa. Ikizunguka polepole, mara 800 kwa dakika, haivuti kitu. Ikifika 2500, 3000, 4000, hapo inavuta vizuri. Lakini magurudumu yanaanza sifuri, na yanataka kufika mpaka mwendo wa barabara kuu. Bwati ndiyo inapatanisha hao wawili. Mama anayepanda mlima na mzigo wa makaa mgongoni anachukua hatua fupi fupi; akifika penye tambarare anarefusha hatua. Vitesi ya kwanza ni hatua fupi. Ya mwisho ni hatua ndefu. Vitesi nyingi maana yake ni saizi nyingi za hatua, si nguvu nyingi. Moteri inabaki ileile.

Otomatiki ya kwanza iliyouzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka 1939 kwenye magari ya Oldsmobile. Ilikuwa na vitesi nne. Kiisha, 1950, Chevrolet ikatoa Powerglide yenye vitesi mbili tu, na Wamarekani waliiendesha mpaka 1973, watu wazima na familia zao, katika nchi ile kubwa. Baadaye tatu ikawa ya kawaida, halafu nne ikatawala miaka mingi. Mbio zimeanza karibuni. BMW ilipata sita kutoka kiwanda cha Kijerumani ZF mwaka wa 2001. Mercedes ikaweka saba 2003. Lexus ikaweka nane 2006. Mwaka wa 2013 mkubwa wa ZF, Stefan Sommer, alisema kwamba tisa ndiyo mpaka wa kawaida, kwamba ukiongeza zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo kuliko uzito na matata unayoongeza. Ikafika 2017, Ford na General Motors wakatoa kumi.

Nani aliwasukuma? Si shofere wa Lubero. Huko Ulaya na Marekani serikali zinawabana wenye viwanda juu ya esanse inayochomwa na moshi unaotoka. Bwati yenye vitesi nyingi inaiacha moteri izunguke taratibu kwenye barabara ya lami, kilomita 110, 130 kwa saa, na kila tone linahesabiwa. ZF wenyewe walisema bwati yao ya nane inapunguza esanse kwa karibu asilimia 6 ikilinganishwa na ile yao ya sita. Asilimia 6 ni kitu kikubwa kwa kiwanda kinachouza mamilioni ya magari. Kwako wewe, ni mara ngapi kwa mwezi unaendesha saa nzima bila kukanyaga breki?

Sasa tuangalie hesabu, maana wauzaji wanapenda hesabu. Corolla nyingi za miaka ya 2000 zina bwati ya vitesi nne yenye mapigo haya: ya kwanza 2.85, ya pili 1.55, ya tatu 1.00, ya nne 0.70. Yaani kwenye ya kwanza moteri inazunguka karibu mara 2.85 ili bwati itoe mzunguko mmoja. Bwati ya ZF ya vitesi nane inaanza na 4.71 na inaishia 0.67. Gawa ya kwanza kwa ya mwisho: ile ya nne inapata 4, ile ya nane inapata 7. Huo ndio upana wa hatua zake, kutoka fupi kabisa mpaka ndefu kabisa.

Ni kweli, 7 ni zaidi ya 4. Gari ya vitesi nane inaweza kuanza na hatua fupi zaidi na kumaliza na hatua ndefu zaidi. Lakini kumbukeni kwamba otomatiki haitumii ambreyaji ya kukanyaga. Kati ya moteri na bwati kuna chombo chenye mafuta ndani, upande mmoja unazungushwa na moteri na kusukuma mafuta, mafuta yanasukuma upande wa pili. Wakati gari inaanza kutoka, chombo hicho kinazidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili. Ndiyo maana Powerglide ya vitesi mbili iliweza kupanda kilima bila aibu. Upungufu wa mwanzo unafunikwa. Na ule urefu wa mwisho tungeutumia wapi? Kwenye udongo, na mashimo ya mvua, shofere mwenye akili anakwenda kilomita 30 au 40 kwa saa. Kwa mwendo huo gari ya vitesi nane inatumia ya pili, ya tatu, ya nne, labda ya tano ikipata nafasi. Ya saba na ya nane zimelala. Umezilipa, unazibeba, unazitilia mafuta, na hazijawahi kukufanyia kazi. Hata huko Marekani wenye Jeep Cherokee za vitesi tisa walilalamika kwamba ile ya tisa hawaioni kwenye mwendo wa kawaida.

Vitesi nne zina udhaifu wake, na wanaoendesha njia ya Kanyabayonga wanaujua. Hatua zimeachana sana. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili moteri ikiwa kwenye 4000, inaanguka karibu 2200. Kwenye mlima gari inaingia ya tatu, inakosa nguvu, inarudi ya pili, moteri inapiga kelele, inaingia tena ya tatu. Inachoka na kuchemka. Kwenye nane hatua zimekaribiana. Kutoka ya tatu kwenda ya nne moteri inashuka 4000 mpaka karibu 3200 tu, inabaki na nguvu yake. Tena sisi tuko juu. Butembo ni zaidi ya meta 1700, na moteri ya esanse isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari iliyovuta vizuri kule bandarini Mombasa, ikishapita Kampala na Kasindi na kufika kwetu, si ileile.

Lakini dawa ya udhaifu huo iko mkononi mwa shofere, kwenye leva. Zile alama za 2 na L hazikuwekwa kwa urembo. Kama mlima wa Kabasha uko mbele yako na gari imejaa watu na magodoro, weka 2 mbele ya kuanza kupanda, na bwati itaacha kutafutatafuta. Kwenye Toyota nyingi kuna kidude cha O/D kando ya leva. Ukikifinya na taa ya O/D OFF ikiwaka, ile ya nne imefungwa. Shofere wengi niliowauliza hawajawahi kukigusa. Mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni cha redio.

Na wakati wa kushuka ni vilevile, hata zaidi. Kuna desturi mbaya ya kuweka N kwenye mteremko, eti kuchunga esanse. Musifanye hivyo. Ukiweka 2 au L, moteri inaishika gari na breki zinapumua. Ukiweka N, mzigo wote unalala juu ya breki, zinapata moto, na siku ingine unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini bila kitu. Wengine wanazima moteri kabisa. Hapo wanaongeza kosa juu ya kosa, kwani pompi inayozungusha mafuta ndani ya bwati inazungushwa na moteri. Moteri imezimwa, magurudumu yanazunguka, bwati ndani inasagana kavu.

Watu wananiuliza tena juu ya malori: kama vitesi nyingi hazina maana, mbona lori kubwa lina tisa, kumi na mbili, hata kumi na sita? Jibu ni fupi. Moteri kubwa ya mazutu inavuta vizuri kwenye mizunguko michache tu, na lori linabeba tani kwa makumi. Linahitaji hatua zilizokaribiana sana. Taksi yako haibebi tani 30, ingawa nikiangalia namna tunavyopakia siku ya soko nasita kidogo.

Mfano mzuri kuliko huo uko mbele ya macho yetu kila siku. Zile Land Cruiser za mashirika ya msaada, zinazofika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani hata pale pikipiki zinashindwa, nyingi ni za mkono, vitesi tano. Zina pia ile kraboti ya kufupisha hatua zote, karibu mara 2 na nusu. Mwaka wa 2023 Toyota iliifanyia upya Land Cruiser 70 na kutoa pia otomatiki. Wakati huo tayari ilikuwa na bwati ya vitesi kumi, imekwisha kuiweka kwenye Land Cruiser 300 tangu 2021. Kwa gari ya kazi walichagua sita. Wenye kiwanda, wenye kumi kwenye rafu, kwa njia kama zetu walichukua sita. Muuzaji wa parking anajua nini ambacho Toyota haijui?

Na gari ya umeme, ambayo ndiyo ya kisasa kuliko zote, nyingi zina vitesi moja tu. Mota ya umeme inavuta tangu sifuri na inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haihitaji kubadilisha hatua. Kwa hiyo kuhesabu vitesi ili kujua usasa wa gari ni sawa na kuhesabu vifungo vya shati ili kujua kama ni jipya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni siku ya pane.

Bwati ya Toyota ya vitesi nne, fundi wetu anaijua. Nyingi zina kijiti cha kupimia mafuta, unakichomoa, unafuta, unatazama rangi na harufu. Mafuta mekundu ni mazuri. Mafuta meusi yanayonuka kuungua, bwati ni mgonjwa. Hata mtoto wa garaji anaweza kuona. Bwati ya ZF ya nane haina kijiti. Kupima mafuta yake kunataka moteri iwe inawaka, gari iwe sawasawa juu, na joto la mafuta liwe kati ya digri 30 na 50, jambo ambalo unalijua kwa skana. Mafuta yenyewe ni ya aina yake, si yale ya jeriki isiyo na jina. Filtre imejengwa ndani ya sahani ya plastiki ya chini, unabadilisha vyote pamoja. Na ubongo wake wa elektroniki uko ndani ya bwati, unalala kwenye mafuta.

Kuna tena neno linalodanganya watu: kwamba bwati hizi zimefungwa kwa maisha, hazibadilishwi mafuta. ZF, waliozitengeneza, wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ama baada ya miaka 8. Magari yanayopita Kasindi mara nyingi yamepita hapo. Yaani unanunua bwati ambayo saa yake ya kubadilishwa mafuta imekwisha kupita, kutoka kwa mtu anayekuambia haibadilishwi.

Nilimuuliza fundi mmoja wa hapa, mwenye garaji tangu nikiwa shuleni, anafanya nini gari ya vitesi nane ikiletwa kwake haiingii. Alicheka. « Ndugu, ile sifungui. Natafuta ingine ya okazioni Kampala, naiweka, tunaomba Mungu. » Na hiyo okazioni nayo, nani anajua ilitoka kwenye gari gani? Mteja wake wa mwisho wa namna hiyo ni baba aliyekimbia kutoka upande wa kusini mwa Lubero. Amengoja bwati wiki nyingi, na wale ndugu aliochanga nao wanamwuliza kila asubuhi. Gari iko chini ya mti, safi kabisa, ina viti vya ngozi.

Hapo sijasema juu ya zile zinazoitwa CVT, ambazo wauzaji wanazipa pia jina la otomatiki. Hizo hazina vitesi hata moja. Ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kujifunga. Kwa lami ya mji na mzigo mdogo ni nzuri, tena zinachunga esanse. Kwa matope, mlima na watu saba ndani, joto linapanda na mkanda unaanza kuteleza. Noah na Vitz za miaka ya katikati ya 2000 nyingi zinazo, huku ndugu zao wakubwa kidogo wana vitesi nne za kawaida. Kwa nje zinafanana. Uliza mbele ya kutoa pesa, na ukiwa na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Kwa familia zinazoweza kulazimika kuondoka tena usiku, na sipendi kuandika hivyo lakini tunajua tunapoishi, kuna jambo moja ambalo halihusu idadi ya vitesi. Gari ya otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Batri ikikufa, hata vijana ishirini wakisukuma mpaka mtoni haitawaka, iwe na nne, iwe na kumi. Gari ya mkono inawaka. Tena otomatiki haivutwi kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayovuta yakiwa chini, kwa sababu ileile ya mafuta yasiyozunguka. Kwa hiyo mwenye otomatiki achunge batri yake, na kabo za kukopa umeme kwa gari ingine zikae ndani ya gari kila siku. Mimi ningekuwa na pesa ya gari moja tu, na njia yangu ni ya Lubero, ningechukua ya mkono. Lakini za mkono zinapungua kwenye meli kutoka Japani, na bei yake inapanda.

Mwenye safari za kila wiki kwenda Kampala, anayeuza bidhaa na kutembea lami saa nyingi, yeye anaweza kuona faida ya sita au nane, na anaweza kupata fundi huko huko. Huyo simkatazi. Ninazungumza na wale wanaochanga dola moja moja kwa taksi ya Butembo na Beni.

Mukienda parking wiki hii, fanyeni hivi. Gari iwe baridi, haijawashwa tangu asubuhi. Mkiiwasha, acheni moteri ipate joto, kanyaga breki, kisha toa P weka R, toa R weka D, na hesabu: kama inakawia kushika kupita sekunde mbili, au inapiga ngumi, bwati ina neno. Mpande nayo mlima, si barabara ya tambarare mbele ya parking anayoichagua yeye. Mrudi, mchomoe kijiti, mnuse. Na kama hakuna kijiti, mwulizeni muuzaji ni mafuta gani yanaingia humo na yanauzwa wapi katika mji huu.